Nilimpa Muuza Karanga Madaftari ya Mke Wangu

Sitaki pole ya mtu. Nasema mapema ili tusipotezeane muda. Aliyekosa ni mimi, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, sijalewa, sijarogwa. Maana hapa kwetu mtu akiharibu utasikia, "Ah, ni shetani tu alimpitia." Shetani gani? Shetani ndiye aliyenishikia kiroba cha madaftari?

Nilichukua madaftari tisa ya mke wangu, yale aliyokuwa akiandika maisha yake siku hadi siku, nikampelekea mama muuza karanga sokoni ayachane afungie karanga. Bure! Hata kuyauza sikuyauza. Ningeyauza pengine ningepata kisingizio kwamba nilikuwa na njaa.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma. Nitamwita Mama Nyemo, kwa jina la mtoto wetu, ingawa hilo jina nimelibadilisha. Nyemo alikuwa binti yetu wa pekee. Alifariki akiwa na miaka minne, kwa homa ya siku mbili, na hatukuwa na picha yake hata moja. Mpiga picha alikuwepo stendi, hatua chache tu kutoka kwetu, na sisi tukawa tunasema tutampeleka Krismasi, tutampeleka Krismasi. Krismasi haikumkuta.

Mama Nyemo alianza kuandika alipokuwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wao aliwaambia kila mmoja aandike nusu ukurasa kwa siku, chochote alichoona. Wenzake waliacha baada ya mtihani. Yeye akaendelea. Kila jioni, maharage yakiwa jikoni, anaketi kwenye kigoda na lile daftari lake kubwa la jalada gumu, anaandika mpaka maji yakauke sufuriani.

Mimi nilikuwa namcheka. "Sasa mambo umeyaona kwa macho yako, unayaandika ya nini?"

Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Nikiyaona tu, yananipita. Nikiyaandika, inabidi niyaangalie."

Nikaona ni maneno ya walimu. Walimu wana maneno!

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya kila kitu ruksa. Mitumba imejaa, maduka yamefunguka, magazeti mapya yanazaliwa kila kukicha. Gazeti moja likawa linapokea hadithi za wasomaji. Mama Nyemo akapeleka hadithi ya mama muuza maziwa, ikachapishwa, watu wakaisoma mpaka ofisini kwetu. Nilimuona mhasibu wetu, mtu mkavu kweli, anafuta macho.

Nikamuuliza mke wangu aliitoa wapi. Akaenda sandukuni, akanifungulia daftari, akanionyesha mstari mmoja: "Mama wa maziwa leo amekuja na viatu viwili visivyofanana. Hakuna aliyemuuliza." Basi, mstari mmoja! Ulikaa humo miaka mitatu, na siku alipoutaka akaukuta.

"Ndiyo maana sihangaiki na karatasi tupu," akasema. "Siku nikitaka hadithi, naenda sandukuni."

Sanduku lenyewe la bati, chini ya kitanda, halina hata kufuli. Hakuwahi kunificha. Hilo nalo likumbukeni mtakapokuwa mnanitukana.

Hadithi zikafika tano, sita. Siku moja ikaja barua kutoka Dar es Salaam, kwa mhariri wa vitabu. Anasema amezisoma, amezipenda, je, Mwalimu anaweza kumletea kitabu kizima? Mama Nyemo alisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Kisha akaniambia, uso kwa uso, "Nitaandika juu ya Nyemo. Kila alichosema nilikiandika, yote yamo humo ndani. Mtoto hana picha, basi awe na kitabu."

Aliniambia! Mimi nikasema "vizuri" huku sikio liko kwenye redio, nasikiliza mpira. Lilinipita. Jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuniambia mke wangu tangu tumzike mtoto, likanipita kwa sababu ya mpira, na timu yenyewe ikafungwa.

Haya. Wakati huohuo kazini mambo yakawa mabaya. Shirika letu la umma likawa linauzwa, na sisi makarani wa bohari tukaitwa mmoja mmoja. Redandansi. Unapewa barua, unashikwa mkono, unaambiwa asante kwa utumishi wako. Miaka kumi na minne naitwa "mzee wa bohari", nikatoka getini naitwa "wewe".

Sikumwambia mke wangu. Hapo ndipo upumbavu ulipoanzia. Asubuhi naoga, navaa shati jeupe, nafunga tai, naaga kwamba nakwenda kazini. Nakwenda stendi ya mabasi, nakaa kwenye benchi na gazeti mpaka saa tisa, narudi nyumbani nalalamika kuhusu bosi. Nililalamika kuhusu bosi ambaye naye alikuwa ameshapunguzwa! Miezi minne nilifanya hivyo, mtu mzima, na tai shingoni.

Shule zilipofungwa Mama Nyemo akaenda Hombolo kumuuguza mama yake. Siku kumi. Mimi nikabaki na nyumba, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumdanganya, sikutoka. Siku ya tatu nikavuta sanduku.

Nilitafuta nini? Nilitafuta habari zangu. Ndiyo ukweli, sina mwingine. Sikugusa yale madaftari saba ya mwanzo. Nikachukua mawili ya mwisho, nikawa napekua, napekua, macho yanatafuta "Baba Nyemo" tu, mengine nayaruka.

Nikapata. "Baba Nyemo leo amefunga tai ya bluu. Nimemuona stendi nilipokwenda kupokea mzigo wa shule. Amekaa benchi la mwisho. Gazeti lake la juzi. Nimepita nyuma ili asinione. Jioni nimemuuliza kazi ilikuwaje, amesema nzito. Kesho nitamwekea chai kwenye chupa, pale jua ni kali. Sitamwambia kwamba najua."

Mungu wangu! Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Anajua! Miezi minne anajua, ananipa chupa ya chai, mimi naibeba kama mtoto wa chekechea, na jioni ananiangalia nadanganya, halafu anaketi kwenye kigoda chake ananiandika! Nilisoma pale "nitamwekea chai" nikaona dharau. Leo nikiusoma ukurasa huohuo, maana ninao, natamani nijizabe kofi. Mwanamke alikuwa ananistahi. Alinisitiri miezi minne. Mimi nikaona nachorwa katuni.

Na kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba ilikuwa kweli yote. Gazeti lilikuwa la juzi.

Nikayatia yote tisa kwenye kiroba cha unga, nikatoka nayo saa nne asubuhi. Mnajua wenyewe hapa mjini karanga zinafungiwa nini. Karatasi za madaftari ya wanafunzi, zinakunjwa kama pembe, karanga zinamiminwa humo. Nikamfuata mama mmoja anayekaanga karanga pale sokoni Majengo, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamwekea kiroba miguuni.

Akayafungua, akapapasa kurasa. "Mbona yameandikwa vizuri hivi, mwanangu? Ya nani?"

"Ya shule, mama. Yamekwisha kazi."

"Mimi kusoma sijui, lakini hii si kazi ya mtoto. Una hakika?"

Aliniuliza! Mama asiyejua kusoma aliona kitu ambacho mimi, mtu wa bohari niliyepokea mali ya serikali kwa saini miaka kumi na minne, sikukiona. Nikamjibu kwa ukali, "Mama, chukua au nimpe mwingine." Akachukua.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nisidanganye. Nilikula ugali wote.

Jumamosi yake nikapita kwa fundi baiskeli wetu wa mtaani. Huyu ni Mnyamwezi, mimi Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani mnaujua ulivyo. Mtani anaweza kukuambia lolote, mbele ya yeyote, hata msibani kwako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nikamkuta na wateja sita hivi, wanatafuna karanga, yeye amenyoosha karatasi anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"'Baba Nyemo leo amerudi na vumbi la stendi kwenye viatu, akasema bosi amempandisha cheo!' Hee! Watani wangu Wagogo bwana! Wanapandishwa vyeo na mabasi!"

Watu wakaanguka kicheko. Mmoja alishika baiskeli asidondoke. Niliyafikisha mwenyewe sokoni, kwa mkono wangu, na yakarudi na karanga.

Nikamkunja mtani wangu shati. Nikamsukuma kwenye magurudumu yake. Kumpiga mtani kwa utani ni aibu isiyosemeka. Wazee walionijua waliangalia pembeni. Yeye hakunirudishia. Alijifuta grisi, akaokota ile karatasi, akaigeuza upande wa pili aone kilichonikasirisha hivyo. Akasoma, safari hii kimya. Akaikunja taratibu, akanipa.

"Chukua, mtani," akasema. "Huku nyuma si pa kuchekea."

Upande wa pili mke wangu alikuwa ameandika hivi: "Leo Nyemo angetimiza miaka saba. Nimefungua daftari la nne nikamsikia anacheka. Nimeanza kunakili maneno yake ya kitabu huku nyuma ya daftari hili, nimefika siku alipouita mwezi taa ya bibi."

Daftari la nne.

Jamani, nilikimbia. Mtu mzima na tumbo langu, kutoka pale mpaka sokoni, watu wanadhani nimeibiwa. Nikamkuta yule mama anafagia maganda.

"Mama, yale madaftari!"

"Yamekwisha, mwanangu. Leo si siku ya mnada? Wenzangu wawili nao niliwagawia, wamekwenda kuuza kule. Nimebaki na haya." Akanipa jalada gumu moja na karatasi chache. Nilipoinua uso nadhani aliniona, maana akashika mdomo. "Nilikuuliza, baba. Nilikuuliza."

Nikaenda mnadani. Nani asiyeujua mnada wa Jumamosi? Ng'ombe, mbuzi, nyama choma, watu mpaka unashindwa kupita, na upepo wa Dodoma unabeba vumbi na kila kilichotupwa. Nikawa nainama kwenye miguu ya watu naokota karatasi zenye mafuta ya nyama. Nyingine zilikuwa za hesabu za watoto wa watu. Nyingine zimekanyagwa na ng'ombe. Nilimnyang'anya mchunga ng'ombe mmoja pembe la karanga akiwa anakula, akaniinulia fimbo, na alikuwa na haki.

Mpaka jua linashuka nilikuwa na kurasa arobaini na moja, katika madaftari tisa. Nikarudi nyumbani nikawasha pasi ya mkaa, nikazipiga pasi moja moja. Eti zinyooke! Nilikuwa nanyoosha nini?

Ndipo nikazisoma, zote, kwa mara ya kwanza bila kujitafuta. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika juu ya upepo. Kwanza: "Upepo mkali sana ulivuma." Akaukata mstari. Chini yake: "Upepo umeangusha sufuria za jirani." Akakata. Chini tena: "Jirani ameshika kanga kwa meno, mikono yote miwili iko kwenye sufuria." Pembeni, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia wanafunzi: "Afadhali. Kesho tena." Alikuwa anajifundisha, peke yake, kila siku, maharage yakichemka. Na mimi nilidhani ananisengenya.

Juu ya Nyemo, katika zile arobaini na moja, palikuwa na mistari sita tu.

Mama Nyemo alirudi Jumanne. Aliingia, akatua mzigo, akaenda moja kwa moja sandukuni, maana alikuwa na siku kumi za mama yake za kuandika. Nilikuwa nimeziweka zile kurasa mezani, zimepangwa. Alipolikuta sanduku tupu akageukia meza, akazishika. Akazinusa.

"Zinanuka karanga," akasema.

Nikamwambia yote. Kazi, stendi, sanduku, sokoni. Nikawa nasema haraka, nikitaka afike mahali pa kunipiga. Hakunipiga. Aliketi kwenye kigoda.

"Ulisoma yote?"

"Mawili ya mwisho."

"Na yale saba?"

"Sikuyafungua."

Akasema, "Basi nisimulie wewe. Mvua ya kwanza ilipogonga bati, Nyemo alisemaje?"

Nikatafuta kichwani. Niliona bati, nikaona mvua. Sikusikia kitu.

"Alikuwa amekaa mapajani kwako, Baba Nyemo. Wewe ndiye uliyecheka mpaka ukakohoa."

"Wewe... hukumbuki?" nikamuuliza. Hebu fikirini ujasiri wa kumuuliza hivyo!

Hapo ndipo alipopaza sauti, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Mimi niliandika! Niliandika ili nisilazimike kukariri! Nilijiruhusu kusahau kwa sababu nilijua yamo humo!" Akapiga lile sanduku tupu kwa kiganja, mara moja, likalia nyumba nzima.

Hakuniacha. Watu wanadhani hiyo ni nafuu. Ndugu yangu mmoja alithubutu kusema, "Si karatasi tu? Mnunulie nyingine." Nilimfukuza nyumbani kwangu na sijamtafuta. Karatasi tu! Nenda kamwambie hivyo mwanamke aliyemzika mtoto mara mbili.

Yule mhariri aliandika tena barua mbili. Alimjibu kwa mistari mitatu, kwamba kitabu hakipo. Anaandika bado, hilo simdanganyi mtu, mkono wake haujui kukaa. Hadithi zake mnazisoma. Lakini sanduku sasa lina kufuli na ufunguo uko shingoni mwake, hata akioga. Ni haki yake.

Sasa sikilizeni, nyie mnaoishi na mtu anayeandika. Awe mke, mume, mtoto, mpangaji mwenzenu. Usiguse! Ukiona jina lako humo na likakuuma, kaa na maumivu yako kama mtu mzima. Pengine umeandikwa kwa huruma kuliko unavyostahili na wewe unatafuta dharau. Na ukiwa na hasira, piga ukuta, kalime, nenda kamwambie mwenyewe usoni. Karatasi haiwezi kukujibu, ndiyo maana ukaikimbilia, mwoga wewe!

Na wewe unayetamani kuandika na unasema utakumbuka: hutakumbuka. Nakuambia mimi. Andika leo, mstari mmoja, ubaya ubaya hivyohivyo, halafu ufiche.

Nami nilinunua daftari. Nilitaka niandike kila ninachokumbuka juu ya Nyemo, nimpe mama yake. Nakaa nalo kila jioni, mwaka wa pili sasa. Nimefika ukurasa mmoja na nusu, na ile nusu sina hakika kama ni yeye aliyesema, au ni mtoto wa jirani.